Mwanamke wa Nyuma ya Dhahabu ya Kaisari

Aliyesoma Injili kwa Kiswahili anaikumbuka ile dinari. Yesu anaulizwa kama ni halali kumlipa Kaisari kodi. Anaomba aonyeshwe fedha ya kodi, kisha anauliza sanamu iliyo juu yake ni ya nani. Wanamjibu: ya Kaisari. Habari inaishia hapo, na sarafu inarudi kwa mwenyewe.

Hakuna aliyeigeuza. Kama dinari ile ilikuwa ya Kaisari Tiberius, na wataalamu wengi wanaona hivyo, basi ambaye angeigeuza angemkuta mwanamke. Ameketi kitini, mkono mmoja umeshika fimbo ndefu ya enzi, mwingine umeshika tawi. Jina lake halipo. Maandishi yanayomzunguka yanataja cheo cha Tiberius tu, kuhani mkuu.

Mchoro huohuo ulipigwa pia kwenye dhahabu, huko Lugdunum, mji ambao leo ni Lyon nchini Ufaransa. Tiberius alitawala kuanzia mwaka 14 hadi 37, na sarafu ya mwanamke yule iliendelea kutoka mwaka baada ya mwaka. Wako wanaosema ni Pax, amani iliyofanywa mungu. Wako wanaosema ni Livia, mjane wa Augustus, Kaisari wa kwanza, na mama mzazi wa Tiberius. Na wako wanaosema ni Livia aliyevikwa sura ya Pax. Mimi nasimama na hao wa tatu. Mafundi wa Roma walijua kuandika jina la mungu walipotaka atambulike, na walijua kuandika jina la mtu. Walipoacha nafasi wazi mbele ya mama wa mtawala, naona walitaka mtazamaji awaone wote wawili.

Hapo ndipo lilipo fundo. Ukikutana na mwanamke kwenye dhahabu ya Roma, unamtazama nani: mtu, mungu au neno? Na alifikaje hapo?

Tuanze na dhahabu yenyewe. Sarafu hiyo iliitwa aureusi. Enzi za Augustus ilikuwa na uzito unaokaribia gramu 8, ya dhahabu iliyokaribia kuwa tupu. Mwaka 64 Kaisari Nero aliishusha hadi gramu 7.3 hivi, na mwaka 215 Kaisari Caracalla akaishusha tena hadi gramu 6.5 hivi. Upana wake ni kama sentimita 2, kiasi cha kufunikwa na ncha ya kidole gumba. Thamani yake ilikuwa dinari 25 za fedha. Yule kibarua wa shamba la mizabibu katika mfano wa Injili alikubaliana na bwana wake dinari moja kwa siku. Angefanya kazi siku 25 bila kutumia hata senti ndipo aishike aureusi moja. Askari wa kikosi cha Kirumi, kabla Kaisari Domitian hajawaongeza mshahara, alipata dinari 225 kwa mwaka, yaani aureusi 9, tatu kila baada ya miezi minne.

Kwa hiyo picha ya kwenye dhahabu haikupigwa kwa ajili ya mnunuzi wa mboga. Ilipita mikononi mwa maseneta, maofisa, wafanyabiashara wakubwa na wanajeshi siku ya malipo, na hao ndio waliokuwa na uwezo wa kumweka Kaisari au kumwondoa. Ilisafiri mbali pia. Pliny, mwandishi Mrumi wa karne ya 1, alilalamika kwamba India, China na Arabuni zinaifyonza dola sesterti milioni 100 kila mwaka, na lawama akazielekeza kwenye anasa na kwa wanawake. Aureusi moja ni sesterti 100. Kwa hesabu yake, basi, thamani ya aureusi milioni moja ilikuwa ikivuka bahari kila mwaka kwa pepo zilezile za kusi na kaskazi zinazofahamika vizuri kwenye pwani yetu. Mwaka 1898 huko Pudukkottai, kusini mwa India, ilifukuliwa akiba ya sarafu 501 za dhahabu ya Roma, nyingi zikiwa zimekatwa kwa patasi usoni pa Kaisari.

Mtu, mungu, neno

Lugha yetu inatufanya tushangae jambo ambalo Mrumi hakulishangaa. Kiswahili hakina maneno ya kike na ya kiume. Amani ni amani, haina jinsia. Kilatini kina jinsia, na majina ya sifa njema karibu yote ni ya kike: pax ni amani, concordia ni mapatano, pudicitia ni staha, fecunditas ni uzazi, salus ni afya na usalama, pietas ni kutimiza wajibu kwa miungu na kwa wazazi. Fundi aliyeambiwa achonge mapatano alichonga mwanamke, kwa sababu neno lenyewe lilikuwa mwanamke kabla hajashika patasi. Na baadhi ya maneno hayo yalijengewa mahekalu na madhabahu. Concordia alikuwa na hekalu katikati ya Roma, Pax alikuwa na madhabahu iliyowekwa wakfu mwaka 9 KK. Mpaka kati ya neno na mungu ulikuwa mwembamba kama karatasi.

Utawatofautishaje? Tazama mikono kabla ya uso. Nyuso zinafanana, ila mikono haidanganyi. Mwanamke mwenye fimbo ya enzi na tausi miguuni ni Juno, mke wa Jupiter mkuu wa miungu, mlinzi wa ndoa. Aliyeshika masuke ya ngano na mwenge ni Ceres, mama wa mavuno. Aliyeshika kata ya kuchotea divai ya sadaka, au kisanamu kidogo cha Pallas, mungu wa kike wa hekima na vita, ni Vesta, mwenye moto wa jiko la taifa. Mwenye tofaa ni Venus. Wakati mwingine ameshika chapeo, silaha za mpenzi wake Mars, mungu wa vita. Mwenye simba wawili kando ya kiti ni Cybele, mama wa miungu. Anayevuta shela usoni ni Staha. Aliyezungukwa na watoto ni Uzazi. Mwenye mabawa ni Victoria, Ushindi, na huyu mkumbuke maana atabaki wenzake wote wakishaondoka.

Mimi husoma sarafu kama sentensi. Shuleni tulifundishwa kiima na kiarifu: anayezungumziwa, na kinachosemwa juu yake. Upande wa mbele wa sarafu, wenye kichwa na jina, ni kiima. Upande wa nyuma ni kiarifu. Weka Faustina mbele na Fecunditas nyuma, umesoma: Faustina amezaa. Picha ya nyuma haisemi kwamba Faustina ni mungu. Inasema ambacho kiti cha enzi kilitaka kisemwe juu yake mwaka ule.

Tusimchanganye mwanamke huyu wa Roma na wanawake wengine wa sarafuni. Babu zetu wa Unguja na jamaa zao wa Ghuba walihesabu mali kwa riale ya Maria Theresa, iliyoendelea kubeba mwaka 1780 hata ilipopigwa vizazi kadhaa baadaye. Maria Theresa alitawala kwa haki yake, na mgongoni mwa riale yuko tai wa nembo ya enzi yake. Wanawake wa nyumba ya Kaisari hawakuwa hivyo. Sheria ya Roma haikumpa mwanamke cheo chochote cha kutawala. Jina la Augusta lilikuwa heshima kubwa mno, lakini halikuwa na jeshi wala mahakama ndani yake. Basi aliyewekwa kwenye dhahabu aliwekwa kwa sababu ya mwanamume fulani: mume, mwana, baba au kaka.

Mama aliyeandikwa mbele

Mwanzo ulikuwa wa woga. Mwaka 38 KK hivi, jemadari Mark Antony aliweka kichwa cha mkewe Octavia kwenye aureusi ili dunia ione kwamba amepatana na kaka yake, yule atakayeitwa Augustus baadaye. Jina la Octavia halikuandikwa. Augustus mwenyewe hakumweka Livia wazi kwenye dhahabu katika miaka yote ya utawala wake. Kaisari Claudius alipoingia madarakani mwaka 41 alimpigia dhahabu mama yake Antonia, mbele jina na sura, kichwani taji ya masuke ya Ceres, nyuma umbo la Constantia, uthabiti. Lakini Antonia alikuwa amekufa tangu mwaka 37, na uthabiti wenyewe umeandikwa kuwa ni wa Kaisari. Hata nyuma ya sarafu yake mama alimsifia mwanawe.

Kisha akaja Agrippina, na hapa sarafu zinageuka kuwa ushahidi wa kesi.

Claudius alimwoa mwaka 49. Alikuwa binti wa kaka yake, na ndoa hiyo ilihitaji kanuni ibadilishwe. Mwaka 50 akapewa jina la Augusta, na sura yake ikaingia kwenye dhahabu, naye masuke kichwani, jina lake limemzunguka, mumewe upande wa pili. Ndiye mke wa kwanza wa Kaisari kuonyeshwa hivyo kwenye dhahabu ya Roma, kwa sura na kwa jina, akiwa hai.

Oktoba mwaka 54 Claudius akafa. Nero, mwana wa Agrippina kwa ndoa ya awali, alikuwa na miaka 16. Chukua aureusi ya miezi ile ya kwanza. Mama na mwana wanatazamana, pua kwa pua, ukubwa sawa. Maandishi yanayowazunguka ni ya mama: Agrippina Augusta, mke wa Claudius aliyefanywa mungu, mama wa Nero Kaisari. Jina la Nero limepelekwa nyuma, likizunguka shada la majani ya mwaloni. Mama ndiye kiima. Mtawala wa dola yote ndiye kiarifu chake.

Sasa chukua ya mwaka 55. Sura ni zilezile mbili, lakini hazitazamani tena. Zote zinaelekea upande mmoja, Nero mbele, mama nyuma yake, inayoonekana ni mstari wa paji la uso, pua na kidevu tu. Jina la Nero limehamia mbele. La mama limekwenda nyuma, juu ya gari linalovutwa na tembo wanne. Na baada ya hapo Agrippina hayupo kwenye dhahabu ya Roma. Mwaka 59 Nero aliamuru mama yake auawe.

Wanahistoria wa kale wameeleza ugomvi wao kwa urefu, kila mmoja na chuki zake. Sarafu hazina maneno mengi, lakini zilipigwa wakati uleule, na zinaonyesha mwanamke akisukumwa kutoka mbele kwenda ubavuni na kutoka ubavuni kwenda nje katika muda unaokaribia mwaka mmoja. Sijaona hati ya kale inayolisema jambo hilo kwa uwazi kuliko vile vipande viwili vya dhahabu.

Tumbo la Faustina

Karne ya 2 dhahabu ya wanawake ikawa jambo la kawaida. Sababu moja ni kwamba watawala walirithishana kwa kuasiliwa, na wanawake ndio waliobeba uzi wa damu. Plotina mke wa Trajan, Marciana dada yake, Matidia binti wa Marciana, Sabina mke wa Hadrian, wote wamo. Lakini waliojaza mifuko ya dola ni Faustina wawili, mama na binti.

Faustina mama, mke wa Antoninus Pius, alifariki mwaka 140, mumewe akiwa na miaka miwili tu kwenye kiti cha enzi. Seneti ikamtangaza kuwa mungu. Hekalu lake lingalipo Roma, limegeuzwa kanisa. Antoninus aliishi hadi mwaka 161, na katika miaka hiyo ishirini sarafu za marehemu mkewe ziliendelea kutoka kwa wingi ambao mke aliye hai hakuwahi kuupata: Ceres, Vesta, Juno, na hasa Aeternitas, umilele. Antoninus alianzisha pia mpango wa kutunza wasichana kwa jina la mkewe, wasichana wa Faustina, na huo nao ukapigwa kwenye dhahabu. Wako wanaoliona jambo hili kama siasa tupu. Siasa ilikuwemo, kwa sababu kuwa mume wa mungu si haba. Lakini miaka ishirini ni mingi, na mimi siamini kwamba hapakuwa na huzuni ya kweli ndani yake.

Binti yao, Faustina mdogo, aliolewa na Marcus Aurelius mwaka 145. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa tarehe 30 Novemba 147. Siku iliyofuata Faustina akapewa jina la Augusta. Hiyo ndiyo siri ya sarafu zake zote: cheo kilikuja kwa njia ya tumbo. Alizaa watoto wasiopungua 12. Kila ukigeuza dhahabu yake unakutana na uzazi kwa sura nyingine: Fecunditas mwenye mtoto kifuani na wengine miguuni, Juno Lucina, anayewaleta watoto kwenye nuru, ambaye wanawake wa Roma walimwomba wakati wa uchungu, Venus Genetrix, Venus mzazi. Mwaka 161 walizaliwa pacha wa kiume, na sarafu ikaonyesha watoto wawili wachanga juu ya kiti cha enzi, na maandishi yanayosema heri ya zama.

Ambacho dhahabu haikusema ni makaburi. Wengi wa watoto wale walikufa wadogo. Mmoja wa pacha hakufika utu uzima. Aliyebaki, Commodus, ndiye aliyerithi. Ninapoitazama sarafu ya watoto wawili kitini huwa nawaza kwamba mama yao huenda aliishika mkononi baada ya mmoja kuondoka, na picha ilikuwa haijabadilika.

Wanawake wa zamani za Severus

Mwaka 193 dola ilichukuliwa na Septimius Severus, mzaliwa wa Lepcis Magna, katika Libya ya leo. Mkewe Julia Domna alitoka Emesa, ambayo ni Homs ya Syria, binti wa ukoo wa makuhani. Hawa wawili hawakuwa wazaliwa wa Roma, na miungu wa sarafu za Julia walifanya kazi ya kumtafutia ukoo. Moja ya aureusi zake za mwanzo inamwonyesha Venus Mshindi kwa mgongo, vazi limeteremka, ameegemea nguzo, mkononi tofaa na tawi la mtende. Familia ya Julius Caesar ilidai kuzaliwa na Venus, na Julia wa Syria, kwa jina na kwa mungu, akawekwa kwenye mstari huohuo. Upande wa mbele yeye mwenyewe amevaa kwa heshima zote, nywele zimesukwa mawimbi mazito hadi shingoni. Mwili wa nyuma si wake.

Mwanzoni mwa karne ya 3 ikatoka aureusi ambayo naiona kuwa nzuri kuliko zote za aina yake. Mbele ni Severus. Nyuma ni Julia Domna, uso kwa uso na mtazamaji, jambo la nadra katika sarafu za Roma ambako watu huonekana kwa ubavu. Kulia na kushoto kwake ni wanawe wawili, Caracalla na Geta, wanaelekeana, naye katikati kama mhimili. Maandishi ni heri ya zama, yaleyale ya watoto wa Faustina. Severus alikufa Februari 211. Desemba ya mwaka uleule Caracalla alimuua Geta, na mwanahistoria Cassius Dio anasema alichinjwa mikononi mwa mama yao. Amri ikatoka jina na sura ya Geta vifutwe kila mahali. Julia aliendelea kuonekana kwenye sarafu za mwanawe aliyebaki, akiwa na majina mapya ya heshima, hadi alipokufa mwaka 217.

Mke wa Caracalla, Plautilla, habari yake ni fupi. Aliolewa mwaka 202. Dhahabu ikamwonyesha ameshikana mikono na mumewe na maandishi yanayoahidi uzao wa dola. Caracalla hakumtaka. Mwaka 205 baba yake aliuawa, yeye akahamishiwa kisiwani, na baada ya Severus kufa naye akauawa. Alikuwa kwenye sarafu miaka mitatu.

Miungu wanaondoka

Venus alidumu kuliko nilivyotarajia nilipoanza kusoma mambo haya. Mwanzoni mwa karne ya 4 bado yuko nyuma ya dhahabu ya Galeria Valeria, binti wa Diocletian, tofaa mkononi. Kisha Konstantino akaishika dola, akaibadilisha na sarafu yenyewe: solidusi, nyepesi zaidi, gramu 4.5 hivi. Mwaka 324 mama yake Helena na mkewe Fausta wakapewa jina la Augusta. Nyuma ya Helena ni Usalama wa taifa. Nyuma ya Fausta ni mwanamke mwenye watoto wawili kifuani, mchoro wa Faustina kabisa, lakini sasa anaitwa Afya au Tumaini la taifa. Juno na Venus wamekwisha kuondoka, yamebaki maneno. Mwaka 326 Fausta aliuawa kwa amri ya mumewe.

Mwaka 383 Aelia Flaccilla, mke wa Kaisari Theodosius, anatokea kwenye dhahabu akiwa na taji ya vito na joho la kijeshi kama la mumewe, jambo ambalo Livia asingeliota. Nyuma yake ameketi Victoria, yule mwenye mabawa, anaandika kwenye ngao herufi mbili za mwanzo za jina la Kristo. Katika kundi lote la miungu wa kike ni yeye aliyevushwa hadi upande wa Wakristo, labda kwa sababu mtu aliyemtazama haraka angeweza kumdhania malaika.

Hatua ya mwisho ilitokea Konstantinopoli, Istanbul ya leo, mji ambao wenyeji wake waliendelea kujiita Warumi. Mtawala mwanamke, mjane, alitawala pamoja na mwanawe Konstantino wa Sita. Mwaka 797 aliamuru mwana apofushwe macho, akabaki peke yake kwenye kiti hadi mwaka 802. Akapiga solidusi. Mbele ni sura yake, taji kichwani, mkononi mpira wenye msalaba, na maandishi ya Kigiriki yanayomwita malkia. Ukiigeuza, hakuna mungu, hakuna neno, hakuna mume wala mwana. Ni yeye tena, sura ileile, jina lilelile: Irene, ambalo kwa Kigiriki maana yake ni amani.